Mwizi Asiyevunja Mlango

Wezi wa zamani walijulikana kwa zana zao: panga, rungu na mtaimbo wa kubomolea ukuta. Mwizi wa siku hizi hana haja ya zana hizo. Aweza kuketi mbali, mahali asipojulikana, akamwibia mwenye duka wa soko la Kakamega asiyepata kumwona uso. Wengi hudhani kwamba wizi wa namna hii ni jambo geni kabisa duniani. Sivyo. Historia yatufundisha kwamba kila njia mpya ya kupeleka habari au fedha imepata mwizi wake, na aghalabu mwizi huyo haivunji njia yenyewe, bali humdanganya au humhonga mtu aliyekabidhiwa kuilinda.

Tuanze mbali kidogo, katika Ufaransa. Kabla ya simu ya umeme, serikali ya nchi ile ilijenga minara yenye mikono ya mbao, iliyopandishwa na kuteremshwa kuwa ishara. Habari zilipita kutoka mnara hadi mnara upesi kuliko farasi. Mwaka 1834 ndugu wawili wa mji wa Bordeaux, François na Joseph Blanc, walimhonga mwendeshaji wa minara katika mji wa Tours, naye akatia ishara za uongo ndani ya habari za serikali. Kwa ishara hizo ndugu hao walijua mwendo wa bei katika soko la fedha la Paris kabla ya wenzao, wakafaidi. Hila hiyo ilidumu miaka miwili. Ilipofichuka, ilionekana kwamba hapakuwa na sheria iliyokataza kuitumia minara kwa namna ile, nao hawakufungwa. Minara ilikuwa imara. Aliyekuwa dhaifu ni mtu, na sheria ilikuwa imechelewa.

Sasa turudi kwetu. Zamani mtu wa Kakamega aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa aliwapelekea wazazi wake fedha kwa posta, ama alimkabidhi bahasha dereva wa basi. Bahasha nyingine zilifika, nyingine zilipotea njiani. Tarehe 6 Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na fedha zikaanza kusafiri kwa simu. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika Mombasa, na intaneti ikaenda kasi. Karo ya mtoto, bei ya mbolea na akiba ya chama cha akina mama, vyote vikaingia katika kifaa kinachotoshea kiganjani.

Wezi nao hawakukawia. Wa kwanza hutuma ujumbe wa uongo kwamba fedha zimeingia, kisha hupiga simu na kulia kwamba zimetumwa kwa makosa, na mwenye huruma humrudishia kile asichopata kupokea. Wa pili hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akauliza nambari ya kitambulisho na nambari ya siri. Akizipata, huenda akapewa laini mpya yenye nambari ya mwenyewe; simu ya mwenyewe hunyamaza, na akiba huondoka. Wa tatu huwaandama wenye biashara: huingia katika barua pepe zao, akageuza nambari ya akaunti ya benki, na malipo ya haki yakaenda kwa mwizi. Wengine hufunga hesabu zote za kampuni ndani ya kompyuta, wakadai fidia ndipo wazifungue.

Serikali yenyewe haikusalimika. Januari 2012 tovuti zake zaidi ya 100 ziliharibiwa kwa usiku mmoja. Mwezi Julai 2023 mfumo wa eCitizen, uliokuwa umekusanya huduma zaidi ya 5,000, ulifurikiwa na maombi ya uongo hata ukazibika. Serikali ilisema kwamba hakuna habari zilizopotea. Walakini waliotaka pasipoti na leseni walikwama. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililoshambulia, na Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka juu ya ndugu wawili wa Sudan. Hapa twajifunza jambo jingine: nyumba yenye mlango mmoja, mlango huo ukizibwa, wote hubaki nje.

Bunge letu lilipitisha sheria ya uhalifu wa kompyuta mwaka 2018, miaka 11 baada ya M-Pesa, na sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019. Ni hatua njema, lakini sheria humshika mwizi baada ya wizi. Kabla ya hapo, mlinzi ni wewe.

Basi, msomaji kijana, nambari ya siri asiambiwe mtu, hata akijitaja kuwa mkubwa wa kampuni. Mfanyabiashara aangalie salio lake mwenyewe kabla ya kutoa bidhaa. Na akiletewa nambari mpya ya akaunti, ampigie mwenzake kwa nambari anayoijua. Nakala za hesabu ziwekwe mahali pengine. Na nyanya yako akidanganywa, usimcheke. Aibu humfanya mtu anyamaze, na kimya chake humpa mwizi nafasi ya kwenda kwa jirani. Mpeleke upesi akatoe habari kwa kampuni na kwa polisi, kisha uwasimulie wengine, kwa kuwa hila iliyokwisha kujulikana na kijiji kizima haina nguvu tena.