Wanamaji Wetu Waliotangulia

Lugha yetu ina neno manowari. Asili yake ni Kiingereza, nalo liliingia vinywani mwa watu wa pwani pamoja na merikebu zenyewe za vita zilizokuwa zikitia nanga Unguja na Mrima katika karne ya 19. Leo neno hilo limezoeleka hata mwanafunzi hulitamka bila kuhisi ugeni wowote. Lakini watu wetu waliofanya kazi ndani ya manowari hizo, waliochochea moto wa mitambo yake, waliopiga makasia ya mashua zake na kuvuta minyororo ya nanga zake, karibu wote wametoweka katika masimulizi ya taifa. Neno limebaki, na wenyewe wamesahauliwa. Katika insha hii tunakusudia kuwakumbuka wanamaji hao, wa zama za ukoloni na wa zama za Uhuru, na kueleza kwa nini kazi ya kuyahifadhi majina yao ni sehemu ya kazi ya kuujenga utamaduni wetu.

Sababu ya kuandika haiko mbali. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, hasa Kigamboni na Temeke, na pia upande wa Kinondoni, wapo wazee waliolitumikia taifa baharini na katika maziwa yetu. Kila mwaka hesabu yao inapungua. Anapofariki mmoja wao, majirani hukusanyika, maiti husitiriwa kwa heshima, hitima husomwa au misa huadhimishwa, na arobaini ikishapita watu hurejea katika shughuli zao. Jamaa hubaki na picha moja ya marehemu akiwa katika sare, na pengine cheti kilichohifadhiwa sandukuni. Ukiwauliza wajukuu babu yao alitumikia chombo gani, alikuwa na kazi gani humo, na aliona bandari zipi, wengi hawana jibu. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wanamaji wetu wamekwenda tezi na omo ya dunia, wakarejea nyumbani. Ila sisi hatukuwauliza habari za safari.

Tuanze na zama za kale kidogo. Ubaharia wenyewe haukuletwa na wageni. Mitepe iliyoshonwa kwa kamba, majahazi na mashua zilivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya moshi wa meli kuonekana. Kwa hiyo Wazungu walipohitaji mabaharia katika maji haya, waliwakuta tayari. Sultani Barghash wa Unguja naye alijipatia merikebu ya kifahari iliyoitwa Glasgow, iliyoundwa Uingereza mwaka 1878. Tarehe 27 Agosti, 1896, Waingereza walipoishambulia kasri ya Unguja kwa mizinga, Glasgow iliwajibu kwa silaha hafifu ilizokuwa nazo, ikazamishwa papo hapo bandarini. Vita hiyo haikutimiza hata saa moja. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Kwa miaka mingi baadaye milingoti ya Glasgow ilionekana ikichomoza juu ya maji mbele ya mji. Hivyo chombo kilipata alama yake, lakini mabaharia waliokuwamo hawakupata hata orodha ya kusomwa na vijana wetu.

Wapo pia wale waliotumikia ndani ya manowari za Waingereza wenyewe. Katika karne ya 19 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliajiri watu wengi wa Afrika Mashariki katika merikebu zake za Bahari ya Hindi. Waliitwa kwa jumla Sidi, neno lenye asili ya Kiarabu lililokwisha kutumika India kwa watu wa asili ya Kiafrika. Walipewa kazi nzito na za joto: kubeba makaa, kuchochea tanuri, kupiga makasia. Baadhi yao walikuwa watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, wakaingia katika merikebu zilizokuwa zikiyasaka majahazi hayo hayo. Merikebu ya kivita London ilikaa bandarini Unguja katika miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880 kwa kazi hiyo, baada ya soko la watumwa kufungwa kwa mkataba wa Juni 1873. Huu ni ushahidi kwamba mapambano dhidi ya biashara ya watumwa katika bahari yetu hayakuendeshwa na Wazungu peke yao. Hata hivyo, maofisa hawakujali kuandika majina halisi ya mabaharia hao. Mara nyingi waliwabandika majina ya mzaha, na kwa majina hayo wakaandikwa katika vitabu vya merikebu, wakalipwa mishahara, na kufa. Mtu aliyepewa jina na babaye akaitwa kwa jina la kikaragosi ni vigumu kutafutwa na ukoo wake.

Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 iliifikisha habari hii mlangoni mwa Dar es Salaam. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika katika bandari hii Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha. Kisha mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika, ikajificha katika delta ya Rufiji. Vipande vya mitambo vilibidi kusafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikarudishwa delta baada ya kutengenezwa. Waliovivuta katika njia za mikoko na matope ni Waafrika. Waingereza waliizingira delta, na tarehe 11 Julai, 1915 manowari hiyo ikaangamizwa. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, na kazi ya mikono ikawa ya Waafrika kwa mara nyingine. Mizinga hiyo ilitiwa magurudumu na kukokotwa katika mapigano ya bara kwa muda wa miaka miwili na zaidi.

Hapa msomaji na apime jambo moja. Mzinga mmoja wa Königsberg umehifadhiwa Mombasa katika Ngome ya Yesu, na mwingine uko Pretoria, Afrika ya Kusini. Mabaharia wa Pegasus wanayo makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja. Chuma kimehifadhiwa, na wageni wamehifadhiwa. Lakini wale walioikokota mizinga, waliokata kuni delta na kuwaongoza wageni katika vijito wasivyovijua, hawana jiwe wala orodha.

Wala hatuhitaji kwenda Mombasa kuthibitisha hayo. Katika Wilaya ya Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo, yapo makaburi ya vita ya Dar es Salaam. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa Barabara ya Ocean yalipolazimika kuhamishwa ili kupisha ujenzi wa barabara. Wazungu walihamishwa na majina yao. Lakini sehemu ya Waafrika haikuwa na alama ya kaburi moja moja, na kwa hiyo walizikwa tena kwa pamoja. Ubaguzi uliofanywa wakati wa maziko ya kwanza ulirithiwa na maziko ya pili, hata baada ya Uhuru, kwa sababu jina lisiloandikwa siku ya kifo ni shida kulipata baada ya nusu karne. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 inawataja askari na wapagazi kwa ujumla. Jina la mtu mmoja halimo.

Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa iliyokiri jambo hilo. Kwa makadirio yake, watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Taarifa hiyo ilichukua zaidi ya miaka 100 kuandikwa. Wajukuu wa watu hao wameishi na kufa bila kuambiwa babu zao walilala wapi.

Vita ya pili, ya mwaka 1939 hadi 1945, iliita tena watu wa pwani. Viliundwa vikosi vya wanamaji wa kujitolea Kenya, Tanganyika na Unguja, na kazi yao kubwa ilikuwa kulinda bandari, kusaka mabomu yaliyotegwa majini na kupiga doria. Bahari ilichukua pia askari wa nchi kavu. Tarehe 12 Februari, 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa watu 1,297 katika muda wa dakika chache, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Baada ya vita, mapema katika miaka ya 1950, serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliunda jeshi moja la wanamaji lenye makao Mombasa, nalo likavunjwa mwaka 1962. Vijana wa nchi hizi walijifunza humo kazi za sitaha, mitambo na ishara.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba, 1964, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, taifa likapata kituo chake cha wanamaji Kigamboni, ng'ambo ya bandari, katika eneo lililokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya peke yake. Kwa mara ya kwanza kijana wa Kitanzania alipanda chombo cha kivita chenye bendera yake mwenyewe. Aliandikwa kwa jina lake, akaapa kwa katiba yake, na akalinda pwani ya wazazi wake. Tofauti hii si ndogo. Yule Sidi wa karne ya 19 alitumikia bendera ya mwingine kwa jina la kubandikwa. Mwanamaji wa Kigamboni alitumikia nchi yake.

Hapo huzuka swali, na ni haki walimu walijadili na wanafunzi wao: je, wale waliotumikia manowari za wakoloni wanastahili kukumbukwa pamoja na mashujaa wa taifa? Wapo wasemao kwamba hawastahili, kwa kuwa walimsaidia mtawala. Sisi tunaona kuwa hukumu hiyo inachanganya mambo mawili. Ukoloni tunaulaani, na hatuna haja ya kuupamba. Lakini mchocheza tanuri hakuanzisha vita wala hakugawa nchi. Wengine walilazimishwa, wengine walifuata mshahara kwa sababu ya kodi na njaa, na wengine walipenda bahari kama babu zao walivyoipenda. Kumkumbuka mtu si kumsifu aliyemwajiri. Kinyume chake, tukimfuta mtu huyo kwa kuwa alitumikishwa, tutakuwa tumekubaliana na bwana wake kwamba jina lake halikuwa na thamani.

Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili wananchi warejeshewe fahari ya mambo yao. Utamaduni huo si ngoma na mavazi tu. Ni pamoja na ujuzi wa kazi na kumbukumbu za waliozifanya. Watunzi wetu wa tenzi walilijua hilo zamani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, aliwahifadhi kwa majina watu waliosimama dhidi ya Wajerumani katika miaka ya 1888 na 1889. Kwa kazi ya mtu mmoja mwenye kalamu, watu hao wangali wanatajwa.

Kazi kama hiyo inaweza kufanywa na shule ya sekondari yoyote ya Temeke, Kigamboni au Kinondoni. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, adabu na subira. Mwanafunzi amwendee mzee wa mtaani au jamaa wa marehemu, atoe shikamoo, aombe ruhusa, kisha aulize kwa taratibu: jina kamili na ukoo, mahali alipozaliwa, mwaka alioingia kazini, vyombo alivyotumikia, kazi yake humo, bandari alizofika, wenzake waliokufa majini, na mahali alipozikwa. Asiulize siri za jeshi, wala asiongeze chumvi. Maneno ya kazi ayaandike kama yalivyotamkwa, kwa maana serahangi, sukani, tezi na omo ni mali ya lugha pia. Mwalimu ayalinganishe majibu, ayasahihishe, na nakala moja ikae maktaba ya shule, na nyingine nyumbani kwa jamaa.

Kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa, na mashada huwekwa kwa ajili ya wote kwa pamoja. Heshima hiyo ni ya haki na iendelee. Lakini ingefaa siku hiyo, katika kila shule yenye daftari kama hilo, mwanafunzi mmoja asimame mbele ya wenzake asome majina ya wanamaji wa mtaa wao waliofariki, moja baada ya jingine, pamoja na vyombo walivyovitumikia. Wazee wenye kuyajua majina hayo bado wapo, ila si wengi. Daftari na lianze muhula huu.