Risasi katika Petroli

Mvuke wa petroli hafifu ukishindiliwa sana ndani ya injini huwaka wenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi, na injini hugonga. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba dawa yenye risasi, ikitiwa kidogo katika petroli, hukomesha kishindo hicho. Lakini risasi ni sumu: mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walirukwa na akili, wakafa. Hata hivyo biashara iliendelea, na moshi wake ukadhuru bongo za watoto wengi. Kenya iliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Basi, msomaji, kila uvumbuzi una maswali mawili: wafaa nini, na wamdhuru nani?