Njaa ya Handeni: mvua, uvivu au jamii?

Ukiuliza kwa nini Handeni imepitia njaa mara nyingi katika historia yake, utapewa majibu mawili ya haraka. La kwanza ni mvua. La pili, ambalo wengine hulisema kwa sauti ya chini, ni uvivu. Leo tuyapime majibu hayo kwa vyombo vya sosholojia, yaani elimu ya jamii.

Tuanze na Mfaransa Émile Durkheim. Mwaka 1895 aliandika kwamba jambo la kijamii lielezwe kwa jambo jingine la kijamii, si kwa tabia ya mtu mmoja mmoja. Sasa fikiria: mvivu mmoja anaweza kulala njaa, sawa. Lakini wilaya nzima ikilala njaa, wachapakazi kwa wavivu, uvivu hautoshi kuwa maelezo. Na mvua je? Ukame huja na kupita. Swali ni kwa nini mwaka mmoja watu wanauvuka, na mwaka mwingine unawatawanya.

Mwanahistoria James Giblin alilichunguza swali hilo Uzigua, katika kitabu alichotoa mwaka 1992. Anaonyesha kuwa katika karne ya 19 wakubwa wa huko walikusanya wafuasi, wakapokea kwao nafaka na nguvu kazi, na mwaka mbaya ukifika walitakiwa kuwasaidia kwa chakula. Haukuwa wema mtupu, maana mkubwa asiyesaidia watu wake angeweza kuwapoteza. Mjerumani Max Weber angetuambia tutazame hapo hapo: mamlaka hudumu watu wanapoiona kuwa halali, na uhalali una gharama yake. Nguvu kazi hiyo pia ilifyeka mapori, ng'ombe wasikutane sana na mbung'o.

Ukoloni ukauvunja mpango huo. Kodi ikaanza kwenda serikalini, na mkubwa wa zamani akabaki bila cha kuweka akiba. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakaenea, na kodi ikatakiwa kwa fedha taslimu. Hapa Karl Marx anauliza swali lake: nani anamiliki mali, na nani hana cha kuuza ila nguvu zake? Kijana aliyekwenda kukata mkonge hakuwepo nyumbani msimu wa kulima. Pori likarudi, na mbung'o nao. Basi mvua ilipokosekana, ilikuta maghala matupu.

Lakini usidhani fikra za namna hii zilisubiri meli kutoka Ulaya. Ukiwa Korogwe unaiona milima ya Usambara. Wasambaa wana maneno yao mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Steven Feierman, mwanahistoria mwingine, aliyaeleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima kama wanafikra.

Maneno hayo yalikuwa na uzito. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, wana na wajukuu zake waligombania madaraka. Mwanawe Semboja alijijenga Mazinde, kule tambarare inakopita njia ya misafara, akapata bunduki. Vita vikaja, na mateka wakauzwa utumwani. Kwa fikra za Wasambaa, mfalme mmoja mwenye nguvu huiponya nchi na mvua hunyesha. Wakubwa wakishindana, nchi huharibika na njaa huingia. Unaweza kulikataa hilo la mfalme na mvua. Lakini kwamba njaa inatokana pia na jinsi watu wanavyotawaliwa, hilo ni dai la kisosholojia kabisa, na lilisemwa na watu ambao hawakuwahi kumsoma Durkheim.

Kwa hiyo siku ukisikia kwamba njaa mahali fulani imeletwa na ukame, kubali, kisha endelea kuuliza. Akiba ilikuwa mikononi mwa nani? Nguvu za vijana zilikuwa zikifanya kazi wapi? Na waliotakiwa kuwasaidia wenzao, nani alikuwa na uwezo wa kuwawajibisha? Ukishapata majibu hayo, ndipo urudi kwa yule aliyesema "uvivu" mkazungumze.