Kulitafuta Jua: Historia Fupi ya Taa za Matumbawe

Leo tuache siasa kidogo. Kuna jamaa yangu hapa Dar amepania kufuga matumbawe sebuleni kwake. Siyo samaki wa mapambo tu, la hasha, matumbawe yenyewe, hai, ndani ya tangi la kioo la maji ya chumvi. Swali lake kwangu lilikuwa moja: taa ya wati ngapi itatosha? Nilipoanza kusoma habari za taa hizi nikagundua kwamba watu wameuliza swali hilohilo kwa zaidi ya miaka hamsini, na mara nyingi wameanzia pabaya.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na mwenye nyumba hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwa mpangaji huyu. Kwa hiyo kwenye tangi la samaki wa kawaida taa ni pambo. Kwenye tangi la matumbawe taa ni chakula. Ukikosea hapo, mnyama anakufa njaa taratibu huku wewe unamsifia rangi.

Sasa twende kwenye historia. Neno "aquarium" kwa maana tunayoijua lilienezwa na Mwingereza Philip Henry Gosse kwa kitabu chake cha mwaka 1854. Wazungu wa enzi zile waliweka matangi dirishani na kufuga viumbe wa bahari yao ya baridi. Matumbawe ya nchi za joto yalikuwa jambo jingine kabisa.

Aliyewashangaza watu alikuwa Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist lilichapisha makala yake akieleza jinsi anavyofuga matumbawe nyumbani. Vifaa vyake? Mawe ya baharini yenye viumbe hai ndani yake, mapovu ya hewa, na jua. Basi. Tazama ramani: Jakarta iko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, na Dar es Salaam karibu nyuzi saba. Jua alilolitumia yule bwana ndilo hili linalotuchoma sisi kila siku bure.

Shida ilikuwa kwa waliomwiga huko kaskazini. Mwezi Desemba mchana wa Berlin haufiki saa nane. Walikuwa na taa za tyubu, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1938, lakini zile za kawaida zilikuwa hafifu mno kwa matumbawe magumu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Ujerumani na Uswisi, akiwemo mwandishi Peter Wilkens, ndio waliosukuma mambo mbele. Wakachukua taa za metali halaidi, ndugu wa zile zinazomulika viwanja vya mpira usiku, wakazitundika juu ya matangi. Jua la tropiki likawa limeingia ndani ya nyumba ya Mjerumani.

Na hapa ndipo ninapoona umuhimu wa hadithi nzima. Dietrich Stüber wa Berlin alikuza tumbawe la jamii ya Acropora hadi likawa kubwa, akawa anakata vipande na kuwagawia wenzake, kama bibi anavyogawa vijiti vya muhogo. Vipande vyake vikaenea Ulaya. Mwanga sahihi ulimaanisha kwamba tumbawe linaweza kutoka kwenye tangi la jirani badala ya kung'olewa baharini.

Lakini metali halaidi zilikuwa na gharama yake. Taa moja ya wati 250 au 400 hula umeme na kuchemsha maji. Ukumbuke pia kwamba maji humeza mwanga mwekundu mapema, na mwanga wa buluu ndio unaofika chini zaidi. Kwa hiyo wafugaji wakaanza kuchanganya tyubu za buluu. Suluhisho la kudumu likatoka Japani: mwaka 1993 Shuji Nakamura alionyesha LED ya buluu yenye mwanga mkali, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Leo LED ndiyo taa ya kawaida ya matumbawe. Tyubu nazo zinaaga kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani yake. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuziondoa ifikapo 2027, na nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kulidai hilo.

Basi jamaa yangu anunue nini? Wati hupima umeme unaoliwa, haipimi mwanga unaolifikia tumbawe. Aanze na kiumbe: anatoka kina gani? Matumbawe laini huridhika na mwanga wa wastani, Acropora za majini juu hudai mwingi. Kisha achague LED yenye buluu ya kutosha inayoweza kupunguzwa makali, aanze chini na kupandisha kwa wiki kadhaa. Wengi waliobadili taa ghafla waliona matumbawe yao yakipauka. Jua la dirishani linasaidia, ila kwa joto la Dar litachemsha tangi.

Kupauka huko tunakujua. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalimfukuza mpangaji wao, yakawa meupe, mengi yakafa. Matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Kwa hiyo akishanunua taa yake, kipande cha kwanza akitafute kwa mtu aliyekikuza mwenyewe, na baharini aende na miwani ya kuzamia tu.