Fayawoli: ukuta wa kompyuta na tundu la kamera Kariakoo

Hadi mwaka 2009 intaneti ya Dar es Salaam ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya kujivuta. Julai 23 mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ukazinduliwa. Leo hata duka la vipuri vya simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo, lina ruta inayowaka usiku kucha, na wezi wa mtandaoni nao hufika kwa kasi ileile.

Kinga dhidi yao ni fayawoli, ukuta unaochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka, na ujio wake uliharakishwa na balaa. Novemba 2, 1988, mwanafunzi wa Marekani, Robert Morris, aliachia programu iliyojinakili yenyewe ikalemaza kompyuta zinazokadiriwa kufika 6,000, wakati intaneti nzima ilikuwa na takriban 60,000.

Fayawoli za mwanzo zilichuja pakiti (vipande vya data) tu: zilisoma anwani na namba ya poti (mlango wa mawasiliano), zikapitisha au zikazuia. Hazikuwa na kumbukumbu, hivyo pakiti iliyojifanya jibu iliweza kupenya. Mwaka 1994 Check Point ya Israeli ikauza fayawoli inayokumbuka: huandika mawasiliano yote yaliyoanzia ndani, na kisichoombwa hakiingii. Kwangu hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Nyingine, proksi, husimama katikati ili kompyuta yako isikutane na ya nje uso kwa uso. Zile za kisasa hupekua hadi yaliyomo ndani ya pakiti, ila nyingi bei yake ni ya mabenki. Za kompyuta moja moja zilienea baada ya Blaster ya 2003, mnyoo (programu inayojinakili) kama ule wa Morris: mwaka uliofuata Microsoft ikaanza kuwasha fayawoli ya Windows XP bila kumsubiri mtumiaji.

Ruta ya dukani nayo ina fayawoli ndogo. Hatari huja pale mwenye duka anapotaka kuona kamera zake kwenye simu akiwa nyumbani, fundi akafungua poti na kuacha nywila ya kiwandani. Ukuta umetobolewa kutoka ndani. Mwaka 2016 programu ya Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu nywila hizohizo tu, kisha ikazitumia kuangusha tovuti kubwa.

Ndugu mfanyabiashara, kamera zikishafungwa, usimlipe fundi kabla hajabadilisha nywila mbele yako na kukuonyesha poti zipi ameziacha wazi.