Mkono Wangu Unakumbuka

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa naishi keja moja na jamaa niliyesoma naye, tukigawana kodi na unga. Akaanza kukohoa, tukasema ni vumbi. Wiki ya nne akapimwa makohozi: TB. Mimi nikaitwa kliniki kwa sababu tulilala chumba kimoja.

Nesi alinidunga sindano ndogo juu juu ya ngozi ya mkono. Pakafura kidogo kama pameumwa na mbu. "Usikune, kijana. Rudi siku ya tatu."

Siku ya tatu palikuwa pameinuka na kuwa pagumu. Akapima kwa rula: milimita 14.

"Sista, kwa hivyo niko nayo?"

"Mwili wako umewahi kukutana nayo. Hiyo si kusema wewe ni mgonjwa."

Picha ya kifua ikatoka safi, nikapewa dawa za kuzuia. Lakini maneno yake hayakuniacha. Ndani ya sindano ile hamkuwa na bakteria hata mmoja. Zilikuwa proteini tu. Mkono wangu ulijuaje?

Jibu linaanzia Berlin. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza kwamba amemwona bakteria anayeleta kifua kikuu. Mwaka wa 1890 akaja na kubwa zaidi: dawa ya kukitibu. Hakusema imetengenezwa na nini. Wagonjwa wakafurika Berlin. Arthur Conan Doyle, yule daktari aliyeandika hadithi za Sherlock Holmes, naye akafunga safari kwenda kujionea. Akarudi na shaka. Aliona dawa hiyo ingefaa zaidi kugundua ugonjwa kuliko kuutibu.

Alikuwa sahihi. Mapema 1891 Rudolf Virchow alipasua maiti za waliodungwa na kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeenea badala ya kupona. Koch akalazimika kufungua siri: dawa yake, tuberkulini, ilikuwa tu dondoo ya bakteria hao iliyotolewa kwa gliserini. Yaani aliuza matumaini kwa watu waliokuwa wakifa. Sitamsamehe haraka.

Lakini katika ripoti yake kuna jambo dogo. Koch alijidunga yeye mwenyewe. Baada ya saa chache viungo vikauma, akatetemeka kwa baridi, joto likapanda hadi nyuzi 39.6. Wanyama wa maabara wasio na TB hawakushtuka hivyo. Huenda mwili wa Koch ulikuwa unamjua adui ambaye yeye alidhani anamtazama kwa darubini tu.

Waliomfuata wakaacha kuiita dawa, wakaifanya swali. Clemens von Pirquet aliikwaruza kwenye ngozi ya watoto mwaka wa 1907. Charles Mantoux, Mfaransa, akaidunga ndani ya ngozi mwaka wa 1908, namna ileile nesi aliyonidunga. Katika miaka ya 1930 Florence Seibert, Mmarekani aliyeugua polio utotoni, akaisafisha hadi zikabaki proteini zinazofanya kazi.

Lakini nani ndani ya mwili anayezitambua? Mwaka wa 1945 Merrill Chase alichukua seli nyeupe za mnyama aliyeitikia tuberkulini, akampa mnyama ambaye hakuwahi kuitikia. Huyo wa pili naye akaanza kuitikia. Kumbe kumbukumbu ilibebwa na seli.

Leo tunajua hivi. Seli walinzi humeza proteini ya bakteria, huikatakata, kisha hubandika vipande vyake nje ya ukuta wao, kama mvuvi anayetandaza samaki mezani. Seli-T hupita zikikagua. Hazimtambui bakteria mzima. Kila moja inajua kipande cha aina yake. Ikikipata, huita wenzake. Zile zilizowahi kupigana hubaki miaka mingi, zikingoja. Kuja kwao ndiko huchukua siku mbili tatu, ndiyo maana nesi hakupima siku ileile. Ule ugumu chini ya rula ni umati wa seli.

Wahenga walishasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tuberkulini ni ung'ongo. Wakati mwingine mwili hushtuka kwa sababu ya chanjo ya BCG, ile iliyotuachia kovu mkono wa kushoto sisi wengi tuliozaliwa Kenya. Kipimo hakisemi ulikutana na adui wapi wala lini, na hakisemi kama anakushinda. Kinasema tu: huyu anakumbuka.

Wiki zile nilikuwa nimemtengea rafiki yangu kikombe chake, na sahani. Nilioshea mbali. Aliona, akanyamaza. Baadaye nikasoma kwamba TB husafiri kwa hewa, si kwa vyombo. Hewa ya chumba kile tulikuwa tumeshaivuta pamoja miezi kadhaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kilichohitajika ni kufungua dirisha. Mimi nilificha kikombe.

Alimaliza dawa zake miezi sita, akapona, akahama. Ule uvimbe wangu uliisha baada ya wiki chache. Nilimpigia simu nikamwambia samahani kwa kile kikombe. Akacheka, akasema alishasahau.

Sidhani.