Sura Zilizotiwa Giza

Katika picha za zamani zilizohifadhiwa majumbani Eastlands, Nairobi, Lucky Summer ikiwemo, kuna kasoro inayojirudia: shela la bibi harusi linaonekana hadi kitobo cha mwisho cha lesi, lakini uso wake umezama gizani, macho na meno tu ndiyo yanayojitokeza. Lawama humwangukia mpiga picha wa mtaani, eti hakuijua kazi. Naona amebebeshwa mzigo usio wake. Kosa kubwa lilianzia kwenye filamu yenyewe, na lilikuwa kosa la kuchagua.

Filamu huona kwa chumvi za fedha, na chumvi hizo kwa asili yake huitikia zambarau na buluu. Nyekundu hazina habari nayo. Ndiyo maana fundi aliweza kuosha picha nyeusi na nyeupe chini ya taa nyekundu bila karatasi kuungua. Sasa, ngozi ya maji ya kunde au nyeusi hurudisha wekundu mwingi kuliko buluu. Ukiipiga kwa bamba lisiloona wekundu, inatoka nyeusi kuliko jicho linavyoiona. Kwa hiyo picha za karne ya 19 kutoka studio za Wagoa wa Unguja, kama ya A. C. Gomes, tusizisome kama kipimo cha rangi za watu wa wakati ule. Mwaka 1873, Hermann Vogel wa Berlin aligundua kwamba ukiitia emulsheni, yaani utando wenye chumvi hizo, rangi fulani, inaanza kuona mawimbi ya nuru ambayo haikuyaona kabla. Mabamba yenye kuona rangi zote yaliuzwa Uingereza kuanzia 1906. Ugunduzi huo ndio unaowajibu wanaosema kemia haina ubaguzi. Ni kweli, fedha haimjui mtu. Lakini tangu Vogel, upofu wa filamu ulikuwa jambo la kurekebishika, na aliyerekebisha ndiye aliyeamua arekebishe kwa ajili ya nani.

Lucky Summer, mtaa wa Ruaraka unaopakana na Korogocho, ulijaa watu wakati filamu ya rangi imekwisha kushika soko. Kwenye filamu hiyo uamuzi ulionekana wazi zaidi. Tangu miaka ya 1950 Kodak iligawia maabara za kusafisha picha kadi ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na mashine zikarekebishwa mpaka ngozi yake itoke sawa. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala yake ya 2009, alionyesha kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutofautishwa vizuri kwenye matangazo. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu!

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi: ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo, basi filamu yoyote ingetatizika. Nakubali nusu. Uso mmoja mweusi hausumbui. Fungua lenzi zaidi, basi. Taabu huja pale weusi na weupe vinapokaa fremu moja, na filamu ya rangi ilibeba tofauti ndogo tu kati ya mwanga na kivuli. Picha ya paspoti yenye pazia jeupe nyuma ndiyo mtihani wenyewe: kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, huona pazia, hupunguza nuru, na uso unazama. Fundi hodari alikaidi kipimo, akaongeza nuru kwa makusudi na kuacha pazia liungue, maana anayetafutwa kwenye kitambulisho si pazia. 

Je, dijitali haijafunga mjadala? Kamera za simu zimeboreka sana, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso, na mojawapo ikakosea wanawake weusi kwa asilimia 34.7, huku wanaume weupe ikiwakosea asilimia 0.3 tu. Tena mambo hayakuishia kwenye picha. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni hospitalini hupitisha kwenye ngozi nuru nyekundu na ile isiyoonekana iliyo chini yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kugunduliwa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Muuguzi anayekisoma ana namba tu mbele yake, na kipimo cha damu ya ateri, kinachoweza kuisahihisha namba hiyo, si zahanati zote zinazokimudu.